Wino kwenye Kidole cha Fundi

Fundi cherehani wa soko la Koboko, Uganda, huongea pini zikiwa mdomoni, na tangu arudi kutoka ukimbizini Zaire hukaa uso ukitazama barabara ya mpakani. Kampeni nzima alimkaripia kila aliyeutaja uchaguzi wa rais: "Kura iko karatasi tu. Bunduki ndiyo inachagua." Asubuhi redio ilipotangaza mshindi, alishona huku amekificha kidole gumba ndani ya kiganja, na mshono ukaenda upande. Santina, muuza samaki wakavu wa kibanda jirani, alipokuja kuchukua gauni lake akaushika ule mkono, akaukunjua. Wino wa kura ulikuwa bado mweusi.

"Mzee, hata wewe ulienda?"

Wateja wakaangua kicheko. Fundi akainamisha kichwa, masikio yakimwaka kwa aibu. "Nilienda kuangalia tu."

Santina hakucheka. Alingoja wateja watawanyike, kisha akainama karibu. "Unafikiri safari hii itakuwa vizuri?"

Fundi akazitema pini kiganjani, moja baada ya nyingine. "Mimi sijui, mama. Lakini nimeambia bibi afungue ile mizigo yetu tulifunga tayari ya kukimbia tena." Akatazama huku na huku. "Usiambie mutu."