Sinia la Bibi Somoe na Pumzi ya Kwanza

Niliondoka Kibiti kwa sababu ya ujumbe mmoja. Bibi Somoe, mkunga wa jadi huko delta, kwenye visiwa vya mdomo wa mto, alisema watoto wawili wamezaliwa mikononi mwake kimya, na kimya wakazikwa. Mimi ni nesi mkunga. Nikabeba mfuko wa mpira wa kupumulia vichanga, ili nikamfundishe kuutumia.

Asubuhi nilipanda lori linalofuata boriti za mikoko Nyamisati. Nikapokewa na Shomari, mzamiaji wa majongoo bahari, biashara iliyochangamka tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa kwa Bibi Somoe, ameshikwa na uchungu. Tukawahi mtumbwi kabla maji hayajapwa.

Saa sita tulifika, mtoto ndiyo kwanza ametoka. Alilegea kama kitambaa, midomo ya zambarau. Bibi Somoe alikuwa akimgongea sinia sikioni, kwa desturi yao, roho isipotee njia.

Nilimfuta, nikamlaza shingo sawa, nikamfunika pua na mdomo kwa barakoa ya ule mfuko, nikauminya. Kifua hakikuinuka. Ndipo nikagundua naminya haraka mno, mikono yangu inafuata mdundo wa sinia, nao unakimbizwa na hofu.

"Bibi, usiache. Gonga polepole, kama mtu anayetwanga mpunga peke yake."

"Leo manesi mnalitaka sinia," alinung'unika, lakini akapunguza.

Kila pigo, pumzi moja. Kifua kikapanda, kikashuka. Midomo ikaanza kuwa myekundu, kisha kikatoka kilio chembamba kama cha paka mchanga. Nimezalisha wengi, lakini nilibaki nimepiga magoti, nikihesabu pumzi zake.

Alasiri Shomari aliniuliza habari aliyosikia kwa wanunuzi: ng'ambo kuna chumba cha chuma cha kutibia wazamiaji, na wengine humo huwatia vichanga waliochelewa kupumua. Nikamweleza ni kweli, hewa ya oksijeni hushindiliwa humo ili iingie kwa wingi kwenye damu. Ila kwa vichanga madaktari bado wanabishana, maana ikizidi nayo hudhuru.

"Na wetu?"

"Wetu tumtazame kama atanyonya. Ubongo uliokosa hewa mara nyingi hujulikana hapo."

Siku mbili alilala tu, tukimkamulia maziwa ya mama na kumnywesha kwa kijiko. Siku ya tatu asubuhi Mwanahawa aliniita, asithubutu kusogea. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania titi.

Niliporudi Kibiti, mfuko niliuacha umetundikwa ukutani kwa Bibi Somoe, kando ya sinia. Tangu hapo, ninapofundisha wakunga wapya kupumulia, mmoja namkabidhi bakuli la chuma na kijiko, agonge polepole. Wakicheka, nawaambia hofu huikimbiza mikono, basi awepo wa kuwatwangia.