Shimo la Babu

Jirani anachimba choo, na harufu ya udongo mbichi imenikuta kitini, makao yangu ya kudumu.

Shimo la babu lilinuka hivyo. Darasa letu lilikuwa likitafuta habari za wanajeshi wa kwetu waliokufa vitani na kuzikwa ng'ambo, nami nikaleta nyumbani picha ya kaburi la babu huko Burma. Baba akachimba shimo ili azike mgomba badala ya mwili wake, kama ilivyo desturi yetu maiti isipopatikana. Nyanya, aliyemngoja mumewe tangu ujana, akasimama mbele ya shimo na jembe mkononi.

"Kabla hujamzika mtu aliye hai, nizike mimi!" Akanigeukia. "Na wewe unayeogopa kufika hata sokoni Kebirigo, ulimwonea wapi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Niliona jiwe tu, nyanya. Lina jina lake."

Akanipokonya picha, akaipapasa kwa kidole.

"Huyu aliyelala kando yake ni nani?"

Nikasoma jiwe la pili. "Jina la Kigusii pia, nyanya."

"Kwa hivyo ana mtu wa kuongea naye."

"Ndiyo."

Akaweka jembe chini, akamtazama baba.

"Kata mgomba mrefu. Mume wangu hakuwa mfupi."