Nukta Alizozifuta Sylvance

Koki Ndete aliamka na hasira, akaoga na hasira, akaenda nayo kazini. Na nani angemlaumu? Kwa miezi minane alikuwa ameandika programu ya kuchora grafu. Sehemu aliyoionea fahari ni ile ya kuamua sura ya kila mstari. Aliigawa katika klasi ndogondogo, yaani vipande vya programu vyenye kazi moja moja: moja ya rangi, nyingine ya unene, nyingine ya kuamua kama mstari ni mzima au ni wa nukta. Hivyo kila mstari ulikuwa na rangi yake na nukta zake. Koki amekulia mtaa wa Jericho. Anajua karatasi ya mtaani lazima ipitie fotokopi, na fotokopi haijui nyekundu.

Sasa Sylvance, mkubwa wake kazini, akangoja Koki aende likizo, akafuta klasi zote akabakisha ya rangi. Eti zinajaza programu bure. Eti siku hizi kila mtu anatazama grafu kwenye simu. Kila mtu nani? Mtu hajawahi kupanga foleni kwenye saiba ya Jericho, kile kiduka cha kompyuta na fotokopi, hata siku moja, halafu anajifanya anajua watu.

Koki alirudi bila kuambiwa lolote. Jirani yake Asenath, katibu wa kamati ya wakaazi, akamletea vipimo vya uchafu wa maji ya mifereji miwili ya kuchotea maji mtaani: wa juu, ulio safi siku nyingi, na wao wa chini, unaoingiwa na maji taka. Koki akachora. Kwenye simu grafu ilipendeza, kijani na nyekundu, hata Koki hakugundua kwamba nukta hazipo. Asenath akatoa nakala thelathini za fotokopi saibani, akaongoza wenzake hadi ofisi ya maji inayokarabati mabomba.

Karani aliigeuza karatasi huku na huku. Mistari yote ilikuwa myeusi, na ilipishana mara tatu.

"Mchafu ni upi hapa, mama?"

Asenath alionyesha mmoja, kisha akaonyesha mwingine. Karani akawaambia warudi mwezi ujao wakishajua wanalalamikia nini. Mwezi mzima wa maji yale, na Amolo, mjukuu wa Asenath, alikuwa anaharisha wiki ya pili.

Kesho yake kazini, ndipo Koki alipoitupa nakala moja mezani kwa Sylvance. "Nionyeshe mfereji wa kwetu."

Sylvance alisoma maelezo yaliyo chini ya grafu. "Ni ule mwekundu."

"Nyekundu iko wapi?"

Alitafuta kweli, masikini, mpaka akakaribia kugusa karatasi kwa pua. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba klasi zirudishwe. Koki alikuwa ameshazirudisha asubuhi ile, bila kumuuliza mtu.

Jioni alimkuta Asenath mlangoni, nakala zilizobaki mapajani, grafu ya rangi ikiwa wazi kwenye simu kando yake. Alikuwa akiweka nukta kwa biro juu ya mstari wa mfereji wao, karatasi moja baada ya nyingine. Ndani, Amolo alikuwa akilia, tumbo likimuuma.

"Koki mwanangu," aliuliza bila kuinua kichwa, "hiyo kompyuta yako haiwezi kufanya hivi?"

"Ilikuwa inaweza, mama, mpaka ikafutwa. Leo ndiyo inaweza tena."