Tairi Nisilolifungua Mdomo

Nimefungua midomo ya ngamia wengi kuliko daktari yeyote wa meno. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni dalali katika soko la mifugo la Garissa, na mtu akiniletea ngamia akaniapia kwamba ana miaka sita, simtazami usoni, wala sitazami ngozi ya mnyama. Nashika taya, nafungua, nasoma meno. Ngozi hupakwa mafuta, tumbo hujazwa maji ya chumvi likavimba, hata nundu huweza kukudanganya baada ya mvua mbili nzuri. Meno hayamsitiri mtu.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba upumbavu ninaousimulia haukufanywa na mtu asiyejua. Ulifanywa na mimi, mwenye ndevu zilizotiwa hina na ulimi mrefu.

Dada yangu anaishi na ngamia wake katika kituo kidogo kando ya barabara ya lami ya Modogashe. Mumewe alifariki mtoto wao wa pekee akiwa bado ananyonya, na tangu hapo alikuwa hanunui wala hauzi hata mbuzi kabla ya kunipigia simu. "Njoo umfungue mdomo," aliniambia kila mara, nami niliacha shughuli zangu nikaenda. Nilikuwa najivunia simu hizo kuliko ninavyojivunia nyumba yangu ya mtaa wa Iftin.

Huyo mwanawe wa pekee ndiye aliyetuletea balaa la pikipiki ya spoti.

Sijui nani alimroga. Huu ni mji wenye mchanga kila kona, punda wa maji katikati ya njia, mbuzi waliolala juu ya lami kama wameilipia kodi, na jua la kuyeyusha kandambili. Katika mji kama huu kijana anataka chombo cha kupandwa kwa kulala kifudifudi kama kenge, chenye kiti cha abiria kinachotoshana na kipande cha mkate! Nilimwambia anunue pikipiki ya kawaida, ya kubebea maziwa, akanicheka. "Abti, hiyo ni ya wazee," akasema. Abti ni mjomba, na kwetu mjomba naye humwita mpwa wake abti, kwa hiyo tukaitana abti huku na huku hadi ugomvi ukapoa.

Alikuwa mkalimani katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab wakati huo, akiweka akiba. Kwetu bei ya kitu kikubwa bado hupimwa kwa ngamia hata kama hakuna ngamia atakayetoka zizini. Alipoanza kuiulizia, ile pikipiki ilikuwa ya ngamia wanne. Alipofikisha wanne, ikawa watano. Akabana matumizi, akaacha hata soda, akafikisha watano, na muuzaji wa Nairobi akamwambia dola imepanda, ushuru umepanda, meli imechelewa. Mwishowe ikafika ngamia saba. Na pikipiki ni ile ile, tena mtumba, imepandwa na mtu mwingine huko ng'ambo hadi akaichoka! Hata ngamia akizeeka bei yake hushuka. Chuma hiki kilikuwa kinazeeka huku bei yake ikipanda, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wakinieleza jambo hilo bila kuona haya. Lilinitia kichefuchefu, na bado linanitia.

Akainunua. Saba kamili, na wawili kati yao waliongezwa na mama yake kutoka kundini. Siku ilipofika Garissa imefungwa juu ya lori la vitunguu, tukagundua kwamba matairi yake yana upara kuliko mimi. Mapya ya saizi ile hayakuwepo madukani isipokuwa kwa mtu mmoja, na kijana hakuwa amebaki na kitu. Dada akapiga simu kutoka kituoni. Alikuwa na hofu, nikaisikia. Aliniambia yeye hatakaa juu ya kitu kile hata siku moja, lakini kama mtoto lazima akipande, basi angalau kikanyage chini vizuri.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Matairi nitachagua mwenyewe."

Mwenye duka alikuwa dalali mwenzangu zamani, kabla hajaacha ngamia na kuingia kwenye vipuri. Matairi yake yalikuwa yamening'inizwa nje, juani, meusi yakimetameta. Niliyabonyeza kwa kidole gumba. Niliona zile nywele ndogo za mpira ambazo tairi jipya huwa nazo, nikatabasamu kama mjinga aliyeonyeshwa pembe akadhani ameona ng'ombe mzima. Kisha yule bwana akatandua shali yake, akanifunika mkono.

Asiyetoka kwetu huenda hajui jambo hili. Katika soko la mifugo madalali hawatajiani bei kwa mdomo, maana masikio ni mengi. Mikono hukutana chini ya kitambaa. Kidole kizima ni kiasi fulani, pingili moja ni nusu yake, na mnavutana hivyo vidole huku nyuso zimeangalia pembeni kama watu wasiojuana. Ukiangalia mali wakati huo unaonekana una njaa nayo. Kwa hiyo mimi niliangalia barabarani. Yeye alianza kwa vidole vinne. Nikamminya kiwiko, nikamkunja, nikamwacha, nikamrudia, hadi akashuka kwenye viwili na pingili. Damu ilinichemka kwa furaha. Nilikuwa nimemshinda dalali mzoefu katika mchezo wake mwenyewe, na muda wote huo sikuyatupia macho matairi hata mara moja.

Nilipoutoa mkono, shali ilikuwa na madoa meusi, na vidole vyangu vilinuka rangi ya viatu. Nilivipangusa kwenye kikoi changu. Mke wangu alipouliza madoa yale yametoka wapi, nilimwambia ni alama ya biashara njema.

Nikayapiga picha yale matairi, nikaituma kwa kila ninayemjua. Dada hana simu ya picha, lakini alisomewa maneno yangu na jirani: vidole viwili na pingili! Akacheka, akasema mtoto wake ana bahati ya kuwa na abti kama mimi.

Wiki mbili baadaye binti yangu alikuwa amejifungua, na siku ya saba ya mtoto ilikuwa imewadia, siku ya kumpa jina. Mbuzi walishafungwa uani. Asubuhi ile pikipiki yangu, hiyo ya wazee, ilikuwa na pancha, nikaipeleka kwa fundi pale kona ya Iftin. Yeye ni mtu wa Mwingi, mpole, hufanya kazi huku akipiga mluzi. Sikuweza kunyamaza. Nikamtolea simu, nikamwonyesha ile picha, nikamweleza vidole viwili na pingili.

Akaacha kupiga mluzi.

"Mzee, uliangalia tarehe?"

"Tarehe ya nini?"

Akanivuta kwenye tairi langu, akapangusa vumbi ubavuni. Pale palikuwa na duara dogo refu kama yai, lenye namba nne. Mbili za mwanzo ni wiki, akasema, na mbili za mwisho ni mwaka. Kila tairi huandikwa siku ya kuzaliwa kwake. Kisha akachukua simu yangu, akaikuza picha kwa vidole vyake vyenye gundi, na namba zikajitokeza zimenona. Kumbe nilikuwa nimezipiga picha mwenyewe, nikazituma kwa ukoo mzima.

"Hii iko na miaka kumi na moja, mzee. Na kama imekaa kwa hili jua letu, hiyo ni biskuti. Inang'aa tu hivyo kwa sababu imepakwa kiwi ya viatu. Nani anaipanda?"

Nilimpigia mpwa wangu. Simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, ikaita tena. Nikampigia binti yangu nyumbani kuuliza kama kijana amefika, akanijibu kwamba alitoka alfajiri kwenda kituoni kumwona mama yake, na angerudi kabla ya chakula. Kwa hiyo alikuwa barabarani, kwenye lami ile ndefu iliyonyooka ambako vijana hupenda kujua chuma chao kinafika wapi. Nikaiacha pikipiki yangu kwa fundi, nikaondoka mbio kuelekea barabara hiyo.

Duka la yule muuza matairi lilikuwa njiani. Nikaingia, nikamwambia mbele ya watu kwamba amemuuzia kifo mtoto wa dada yangu. Mimi nilisema kwa Kisomali. Yeye akajibu kwa Kiswahili chake kisichojua herufi p, makusudi, ili wateja wake kutoka bara wasikie.

"Wallahi mimi sikuficha kitu. Namba iko bale bale kwa ubande, kubwa. Wewe ni dilaal, dalali kama mimi. Ngamia yangu ulikuwa unafungua mdomo kila siku, hii ukawacha. Mimi nifanye nini sasa, nikufungulie?"

Watu wakacheka. Nilitaka kumrukia, lakini nilichokuwa nacho mkononi ni funguo za pikipiki tu. Yule ni mchafu. Anayepaka tairi bovu kiwi na kulitundika mlangoni ni mchafu, na nikikutana naye msikitini bado nahama safu. Ila kilichonichoma ni kwamba alikuwa amesema kweli. Na mbuzi wangu wangapi nimewahi kuwanywesha maji ya chumvi kabla ya Idi, nikamwachia mnunuzi aangalie mwenyewe? Nilitoka dukani nikijinukia vibaya.

Nikaenda kungoja kwenye kizuizi cha polisi, mahali ambapo kila anayetoka Modogashe lazima apunguze mwendo. Nilisimama juani karibu saa nzima. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Kila lori lililotokea nilimtazama usoni dereva wake, nione kama ana habari ya kusimulia.

Hatimaye nikaisikia kabla ya kuiona. Ilikuja ikinguruma, ikapunguza, na nyuma ya mpwa wangu palikuwa na kitu kikubwa cha kahawia kinachopepea. Kikakaribia. Kilikuwa hijabu. Dada yangu alikuwa amekaa juu ya kile kipande cha mkate, amemkumbatia mwanawe kiunoni kwa mikono yote miwili, kifurushi cha samli kimebanwa katikati yao.

Akashuka kwa shida, akanyoosha miguu, akacheka kama msichana.

"Usinitazame hivyo, walaal," akaniambia. Kaka na dada wote kwetu ni walaal. "Gari lilijaa, na siku ya jina la mjukuu sikutaka kuikosa. Nilikataa mara tatu kupanda. Kisha nikasema, matairi si kayachagua ndugu yangu? Basi nikapanda."

"Mama hakuogopa, abti," mpwa wangu akasema akivua helmeti. "Tumekanyaga hadi mwisho. Hii kitu ni moto."

"Nilifumba macho njia nzima," dada akasema. "Nilikuwa nakuombea wewe, walaal."

Nilichuchumaa nyuma ya ile pikipiki. Nikalipangusa tairi ubavuni kwa ncha ya shali yangu, shali ikatoka nyeusi, na chini ya weusi ule palikuwa na nyufa. Katika ufa mmoja kucha yangu ilizama. Mpira ulikuwa wa moto kama jiko. Namba zilikuwa pale pale, nne, mbele ya macho yangu.

Ningeweza kunyamaza, nikayabadilisha kimyakimya kesho yake, na jina langu likabaki zima. Nitakuwa mwongo nikisema sikulifikiria hilo. Lakini walikuwa wamebakiza kilomita chache kufika nyumbani, na kijana alikuwa tayari anavaa helmeti.

Nikawaambia. Nilimwonyesha mpwa wangu namba, nikamwambia maana yake. Akapauka. Dada hakuelewa namba, akaniuliza tairi lina umri gani, nikamjibu. Akainama akalitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Hukulifungua mdomo?"

"Sikulifungua."

Akachukua kifurushi chake cha samli, akaanza kutembea kuelekea mjini kwa miguu. Sisi wawili tukaisukuma ile pikipiki ya ngamia saba nyuma yake, huku jua likituchoma utosini. Mtoto akapewa jina, watu wakala, na dada alinihudumia sahani kwa adabu zote. Juma lililofuata niliuza ngamia wangu wa maziwa nikanunua matairi ya Nairobi, mapya, namba nimezisoma mara tatu.

Zizi la dada bado linanunua na kuuza. Nasikia habari zake sokoni, kutoka kwa madalali wengine. Tangu siku ile hajanipigia simu hata mara moja nikamfungulie mbuzi mdomo.