Ngoja Baba Yenu Arudi

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mke wangu anafuata huu ukurasa na visa vyenu huwa anavisoma kwa sauti huku anapika.

Mie ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, baba wa watoto watatu, tunaishi Boko. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo kila siku ni Kurasini na kurudi. Natoka watoto wamelala, narudi giza limeshaingia. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, watoto anashinda nao yeye. Simsemi vibaya, ni mama haswa. Tatizo ni hili neno lake: "Ngoja baba yenu arudi!"

Mtoto kamwaga maziwa, ngoja baba yenu arudi. Kagoma kuoga, ngoja baba yenu arudi. Nikifika, hata viatu sijavua, nasomewa mashtaka: "Baba Neema, huyu leo kanijibu, mchape." Neema ndiye mkubwa wetu, si jina lake la kweli. Sasa kosa sikuliona, hasira sina, nimechoka, nina njaa, halafu nimchape mtoto ambaye sijamwona tangu jana! Nachapa. Miaka yote hii nachapa makosa ya kusimuliwa.

Kuna siku niligoma. Wa kati alikuwa kakata kitambaa cha mteja, katengenezea bendera. Mie nikacheka, kwa kweli ilinishinda. Weee! Mama Neema alininunia mpaka nikakoma. "Sawa, we kuwa mtu mwema, mie ndo niwe mchawi wa nyumba hii. Nashinda nao mchana kutwa, we unakuja unawachekea, kesho watanisikia?" Na haki ya Mungu hawakumsikia. Walimpanda kichwani hadi nikamkuta analia kwenye cherehani. Nikarudia fimbo.

Mwezi uliopita Neema, ana miaka kumi na moja, alikanyaga msumari kwenye pagale la jirani, pale pale tulipowakataza kucheza. Akaficha. Akawa anavaa soksi na kukanyagia kisigino, na akamwapisha mdogo wake asiseme. Tumekuja kujua homa imepanda na mguu umevimba kama andazi. Nikampakia kwenye bajaji kumkimbiza zahanati. Njiani analia, nambembeleza, "Pole mama, tunakaribia, watakupa dawa." Akaniuliza, "Baba, tukirudi utanichapa?"

Jamani! Mtoto anatetemeka kwa homa, na anachoogopa ni mimi. Nilimkumbatia tu, nikasikia anavyojikaza mwili mzima mikononi mwangu. Iliniuma sana.

Alipona, tunamshukuru Mungu. Nilipomsimulia mama yake, naye alilia, akasema amekoma, hatarudia lile neno. Hakumaliza wiki. Nadhani hata yeye hapendi, linamtoka tu akizidiwa, wateja wanadai nguo zao huku watoto wanapigana. Nikimbana ananiuliza, "Sasa niwatishe na nini?" Nikiacha kuchapa, mwenzangu anaelemewa na nyumba inawaka moto. Nikiendelea, watoto nawapoteza huku tunalala nao nyumba moja. Kazi nayo siwezi kuacha, tutakula nini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani, nimejilaza chumbani. Wanangu na watoto wa jirani walikuwa nje, chini ya dirisha, wanacheza baba na mama. Neema ndo mama, wengine watoto, ikabaki nafasi ya baba. "Kuwa we." "Sitaki, jana nilikuwa mie!" "Basi kuwa we." "Na mie sitaki, baba hachezagi na wenzie!" Wakabishana weee, karibu mchezo uvunjike. Mwisho kale kadogo ketu, kana miaka minne tu, kakasema, "Basi tufanye baba kasafiri."

Wote wakashangilia, mchezo ukaanza. Wazazi wenzangu, hasa nyie akina baba, mtu anatokaje kwenye hili? Nishaurini, maana siku ile nilibaki kitandani nasikiliza wanangu wanavyocheka, kikohozi kimenibana, naogopa kukohoa wasije wakajua nipo wakanyamaza.