Barua Ambayo Bi Mwanakheri Hakuiomba

Siku moja naikumbuka kwa aibu, mwanangu. Ndege za watalii zilikuwa zimeacha kuja kwa sababu ya korona, na hoteli yetu ya Mji Mkongwe imebaki na wageni wawili. Mimi nilikuwa ofisa utumishi, msomi mwenye shahada. Mwenye hoteli aliniagiza niandike barua kumi na mbili, kila moja ikisema mfanyakazi ameomba mwenyewe kuacha kazi. Nikaziandika, tena kwa Kiswahili fasaha.

Nilijua kwa nini nilitumwa mimi kuzigawa. Kwetu muhali, ile haya ya kumkatalia mtu, ni mzito: mtu aliyekuzikia mzazi wako humwambii angoje usome. Wote walitia sahihi wamesimama, hata Bi Mwanakheri wa Chwaka, aliyetandika vitanda pale tangu mimi niko skuli.

Kesho yake alirudi. Binti yake alikuwa amemsomea nakala.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hebu nambie, mimi nimeomba kuacha kazi lini?"

"Ni utaratibu tu, Bi. Hoteli ikifunguliwa mtaitwa."

"Ataitwaje mtu aliyeondoka mwenyewe?" Akaketi, akashusha barakoa apumue. "Ungenambia kazi hakuna, ningekwenda kwetu nikalima mwani, nikangoja. Wewe umenifanya nseme uongo kwa mkono wangu."

Sheria niliisoma chuoni: mwajiri hukaa na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza, na anayepunguzwa hupewa notisi na haki zake. Anayeacha kwa hiari hutoka nje ya ulinzi huo. Ndiyo iliyokuwa kazi ya barua zangu, na nilijua.

Wiki ile nilifuatana na wale kumi na wawili hadi ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, nikaeleza kwa maandishi kwamba maneno yalikuwa yangu, si yao. Barua zikatenguliwa. Hoteli ilipofunguliwa wao waliitwa, mimi sikuitwa. Bi Mwanakheri tukikutana sokoni Darajani huniitikia salamu, akapita.

Basi, mwanangu, karatasi ya kazi nenda nayo nyumbani uisome kabla ya kutia sahihi, hata ukiletewa na mtu unayemstahi. Anayekutakia heri hatakasirika kungoja siku moja. Na siku utakayokuwa wewe mwenye kalamu, usiitumie imani ya watu kuwavua haki zao. Mola akupe riziki isiyomuumiza mwenzio, na ukikosea akuletee mtu wa kukuuliza mapema.