Mguu Uliogonga Kizingiti

Juma lililopita nilikuwa kwenye hoteli ya chai karibu na hospitali, hapa Thika. Mama mwenye hoteli alikuwa ameupa mlango mgongo, akichochea moto. Mguu wa mti ukagonga kizingiti mara mbili, kama mtu anayekung'uta matope. Mama hakugeuka. Alimimina chai ya rangi, akaitia chumvi, akaisogeza mwisho wa meza. Kisha akageuka, na mkono ukabaki hewani.

Aliyeingia alikuwa mgeni, mfanyakazi wa mkonge aliyekatwa mguu na mashine.

"Mguu huo umeutoa wapi?" mama akauliza.

"Hospitali. Wanasema ulirudishwa, wakaupunguza unitoshe."

"Niliurudisha mimi, siku tuliyomzika mume wangu. Kwetu vitu vya maiti havilali nyumbani."

Mgeni akautazama mguu. "Mazoezini wamenifundisha kutembea. Hiyo ya kugonga mlangoni sikufundishwa na mtu."

Mama akapangusa mikono kwenye leso, polepole. "Sasa sikia, baba. Ukifika njia panda ya Ruiru, usiuache ukate kushoto. Nimeshaolewa na mwingine."

Msomaji, mbao ni mbao, daktari yeyote atakwambia hivyo. Mimi pia nilikuwa najiambia hivyo, na karibu nicheke, mpaka mgeni alipokiweka kikombe chini.

"Jana nikitoka mazoezini ulikata, mama. Ulinifikisha hadi mlango mmoja, kumbe ni kwako. Mbwa wa pale hakubweka. Aliulamba mguu huu."